Muulize Mwalimu: Eti kulikuwa na mashine ya kusomea gazeti kwa kidole?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu haoni tangu utotoni, amefanya kazi ya kupokea simu ofisini mpaka akastaafu. Juzi ulizuka ubishi nyumbani, yeye anasema miaka ya 80 alipelekwa kozi Uingereza na huko wakamuwekea mashine, akaingiza kidole akasoma jina lake lililopigwa taipu kwenye karatasi ya kawaida, sio nukta nundu zile za vidoti vya kuinuka, karatasi laini kabisa. Watoto wangu wanacheka wanasema babu anatia chumvi. Hiyo mashine ilikuwepo kweli? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Hao watoto wakamuombe radhi babu yao leo hii, chumvi hajatia hata punje. Mashine inaitwa Optacon, ilianza kuuzwa Marekani 1971 na kampuni ya Telesensory Systems na mpaka walipoacha kuitengeneza 1996 zilishauzwa zaidi ya 15,000, zikafika Ulaya, zikafika Japani, kwa hiyo mtu asiyeona aliyekwenda kozi Uingereza miaka ile kukutana nayo wala sio ajabu.

Ngoja niwaelezee inavofanya kazi maana hapo ndo penye utamu. Mkono wa kulia unashika kamera ndogo na kuiburuza taratibu juu ya mstari wa maandishi, kushoto kwenda kulia. Mkono wa kushoto unaingia kwenye tundu la mashine yenyewe, kidole cha shahada kinalala juu ya pini 144 zilizopangwa mistari 24, kila mstari pini 6, na zote hizo zinaenea chini ya kidole kimoja tu. Kamera ikikuta wino, pini za sehemu ile ile zinatetema, ikikuta weupe zinatulia. Basi ukipita juu ya o unasikia duara linakatiza kidoleni, ukipita juu ya l unasikia mstari umesimama wima unapita, ikija i unasikia mpaka kile kidoti chake cha juu. Herufi moja moja hivo hivo mpaka neno likamilike. Inanguruma kidogo ikiwa kazini, ina betri ya kuchaji, unaibeba begani.

Na ilivyozaliwa ni habari ya mzazi na mtoto wake. John Linvill alikua profesa wa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Stanford, binti yake Candy alipoteza macho akiwa mdogo sana na mama mtu, Marjorie, akawa anakaa anamnakilia vitabu kwa nukta nundu, kimoja kikiisha kingine, kazi ambayo mzazi yeyote mwenye mtoto asiyeona anaijua inavyochosha. Mwaka 1962 Linvill akatembelea maabara ya IBM Ujerumani, akaona printa inayochapa herufi kwa kuzigonga na vipini vidogo vidogo, akajiuliza, hivi vipini vikigonga kidole badala ya karatasi si mtu ataitambua herufi? Akarudi nyumbani akashirikiana na James Bliss wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford wakaanza kuhangaika. Kazi ngumu ilikua kupata vihisi 144 vya mwanga vinavyotosha ndani ya kamera ya kushika kwa vidole, dukani havipo, wakatengeneza chipu yao wenyewe pale pale chuoni. Candy akawa katika wasomaji wa mwanzo kabisa, akaitumia kwenye masomo yake Stanford akaja kuwa mwanasaikolojia.

Sasa mimi nasoma nukta nundu tangu darasa la kwanza na simu yangu inaongea kutwa, lakini kuna kitu kimoja cha Optacon ambacho nakiheshimu sana na bado sijakiona kwenye vifaa vya leo. Ile mashine haikujua lugha yoyote. Haikujua Kiingereza, haikujua Kijapani, haikujua noti za muziki wala hesabu, na kwa sababu haikujua chochote iliweza kuonyesha kila kitu, umbo lenyewe la wino linakuja kidoleni na wewe ndo unasoma. Ungeipa gazeti la Kiswahili ingekupa Kiswahili kilivyoandikwa, ungeipa barua ya Kihaya ingekupa Kihaya. Simu ya leo inakwambia kile inachodhani kimeandikwa. Nimeshapigia picha barua za Kiswahili programu ikakisia neno la Kizungu katikati ya sentensi, tarakimu ya kwenye risiti ikabadilika, na mimi nisiyeona nitajuaje? Inabidi nimuite mtu mwenye macho aje ahakikishe, na barua nyingine ni za siri zangu, za benki, za hospitali.

Halafu kuna mpangilio wa ukurasa. Mtu wa Optacon alijua kichwa cha habari kiko katikati, alijua jedwali lina safu ngapi, alijua sehemu ya kusaini iko wapi, alijua utepe wa taipureta umeanza kufifia. Kulikua na lenzi za kubadilisha pia, ya kusomea skrini ya kompyuta, ya kuchomeka kwenye taipureta ili mtu asome anachochapa. Kuna wasioona waliofanya kazi ya kuandika programu za kompyuta miaka ya 70 kwa kidole hicho kimoja, wakati kompyuta zinazoongea zilikua bado hazijaingia maofisini.

Sisemi haikua na taabu. Ilikua polepole, wengi walisoma kama maneno 30 hadi 50 kwa dakika, hodari wachache wakafika karibu 100. Kuijifunza ni wiki 2 hivi za darasani halafu miezi ya mazoezi, na wapo ambao kidole chao hakikuelewa kabisa. Mwandiko wa mkono wa kuunganisha ulikua mtihani. Na bei yake ilikua ya ofisi au serikali, mtu wa kawaida ajinunulie mwenyewe ilikua shida, ndo maana mjomba wako aliionja kozini tu akaiacha huko.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Dada yangu mkubwa kapoteza macho kwa presha ya macho akiwa na miaka 46. Herufi za kawaida anazijua vizuri, nukta nundu anaikataa anasema ni ya watoto wa shule. Mashine za kusoma herufi kwa kidole tunazipata wapi? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Pole sana kwa dada, mpe salamu zangu. Optacon msiitafute. Haitengenezwi tena, kampuni yenyewe ilifunga 2005, zilizobaki ni kuukuu na waliozishikilia wamekua wakinunua mbovu ili wang'oe spea. Mtatuma hela nje mletewe boksi ambalo fundi wa hapa hana pa kuanzia, na bado atahitaji wa kumfundisha.

Huyo umsaidie hivi. Kwanza simu, kama ana Android muwashie TalkBack, ile ya kumsomea skrini kwa sauti, imo humo humo kwenye mipangilio hailipiwi, halafu muwekee programu ya kusoma karatasi kwa kamera kama Lookout au Seeing AI, zote bure. Akae nayo siku kadhaa na mtu mvumilivu, asiachiwe peke yake siku ya kwanza akakata tamaa.

Na kwa kuwa herufi anazijua kwa umbo, litumieni hilo jikoni. Andikeni herufi kubwa kwa gundi nene kwenye kadi ngumu, ikikauka inainuka, S kopo la sukari, C la chumvi, atasoma siku hiyo hiyo. Wazo hili sio la kitoto. William Moon wa Brighton alipoteza macho ujanani akatoa mwaka 1845 maandishi yake ya kuinuka, yaliyotokana na herufi za kawaida zilizorahisishwa, kwa ajili ya watu kama dada yako ambao walishajua kusoma kabla.

Baada ya hapo nukta nundu itakuja, usimlazimishe. Siku ameandika namba ya simu mwenyewe na kuisoma mwenyewe bila betri wala bando ataacha kusema ya watoto. Kitu kimoja tu, kama ana sukari mpimeni vidole kwanza, sukari ikikaa sana inaua hisia za ncha za vidole na mtu anaweza kujiona mzito wa kuelewa kumbe kidole ndo hakisikii.

SWALI: Kwa nini wasiifufue tu? *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Soko dogo, hilo ndo jibu fupi. Mwaka 1976 ilishatoka mashine ya Kurzweil inayosoma kitabu kwa sauti, baadae kompyuta zikaanza kuongea, wanunuzi wakapungua na kampuni ikahesabu hela ikaacha. Waliokua wanaishi kwa mashine ile hawakupewa mbadala wa kweli, waliambiwa wasikilize sauti. Mimi naona hapo walidhulumiwa, kusikiliza na kusoma ni vitu viwili.

Lakini wazo halijafa. Kuna Dot Pad ya Korea Kusini, ubao wa kugusa wenye pini 2,400 na kuna Monarch ya Marekani yenye mistari 10 ya nukta nundu, pini 3,840, mtoto anagusa ramani, grafu, pembetatu. Pini hizi zinainuka na kubaki zimesimama, hazitetemi, na picha lazima itoke kwenye faili au kompyuta kwanza. Karatasi iliyo mkononi, risiti, bahasha, ile ya kuburuza kamera ukasoma mwenyewe, bado haina kifaa. Vihisi vya mwanga na kamera ambavyo akina Linvill walihangaika navyo leo viko kwenye kila simu, kilichobaki kigumu ni pini ndogo zinazotetema. Kama uko chuo unasoma umeme hapo Kisumu anza na pini chache, hata 20, ukipata herufi moja inayosomeka niandikie, kidole cha kujaribia ninacho.