Mdogo wangu, usitume hiyo hela

Ujumbe uliingia Jumanne saa tano usiku. "Dada shikamoo, samahani kwa usumbufu. Nimepata nafasi ya kujitolea Ulaya mwaka mzima. Wakala anasema nitume hela ya viza na ya kuthibitisha nafasi kabla ya Ijumaa, la sivyo anampa mwingine. Nitume?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu usiku uleule: usitume. Ukasoma, ukanyamaza. Kimya hicho nakijua, ni cha mtu ambaye ameshaanza kuaga watu. Nami nilipoonywa nilinyamaza hivyohivyo, kisha nikatuma. Ndiyo maana leo nakuandikia kwa kirefu, wewe na wenzako wote mnaolala na simu mkononi mkitafuta mlango wa kutokea.

Nilikuwa na miaka 22, nimemaliza chuo, sina kazi. Kujitolea, kwa akili yangu ya wakati ule, lilikuwa jina lingine la kuondoka. Wakala mmoja alinionyesha barua ya mwaliko yenye nembo na mhuri, akaniambia niombe viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, "ukishaingia utaongeza hukohuko." Sikuuliza shirika linafanya nini. Sikuuliza nitalala wapi. Niliuliza kitu kimoja tu: ni lini.

Dirishani ubalozini, ofisa aliniuliza kwa upole, "Jumatatu asubuhi utakuwa unafanya kazi gani?" Nikasema nitasaidia jamii. "Jamii ipi?" Nikarudia maneno ya barua. Akaandika kitu, akanishukuru. Wiki mbili baadaye nikakabidhiwa fomu yenye orodha ya sababu, na alama imewekwa kwenye ile inayosema kuna shaka kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Nililia njia nzima, nikaona nimetukanwa. Simu ya wakala haikupatikana tena kuanzia wiki hiyo.

Hela ile ilikuwa ya mama. Alikuwa ameiweka kidogo kidogo kwa ajili ya jambo lake, akanipa yote bila kuhesabu. Mpaka leo hajawahi kuniuliza iliishia wapi. Angeuliza, pengine isingeuma hivi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapopigwa. Viza ya Schengen ya muda mfupi inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi cha siku 180, basi. Huwezi kujitolea mwaka mzima kwa viza hiyo. Kukaa mwaka kunahitaji viza ya muda mrefu, ambayo kila nchi huitoa yenyewe kwa masharti yake. Ile ya muda mfupi inadai bima ya safari ya angalau yuro 30,000, na ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Hulipwa unapowasilisha maombi, ubalozini au kwenye kituo kinachopokea maombi kwa niaba ya ubalozi, na unapewa risiti. Haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Anayekuambia uingie kwa siku 90 halafu "utaongeza" amekupangia kuishi bila vibali, na siku ya kukamatwa hatakuwepo.

Baada ya pale nilikaa karibu miaka miwili. Sehemu kubwa ya miaka hiyo haina la kusimulia, ila jambo moja: nilianza kujitolea karibu na nyumbani, kwenye kituo cha kulea wazee, siku tatu kwa wiki. Mwanzoni nilikwenda kwa sababu nilichoka kukaa ndani. Huko ndiko nilikojifunza kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza, na kumwogesha mtu mzima bila kumvunjia heshima.

Halafu nikasikia habari za weltwärts. Ni mpango wa serikali ya Ujerumani ulioanza 2008, mwanzoni kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nchi za Kusini, yaani nchi zinazoendelea kama zetu, baadaye ukafungua njia ya upande wa pili, vijana wa Kusini kwenda Ujerumani. Unapokea watu wa miaka 18 hadi 28. Wengi wanaokwenda kwa njia hiyo huhudumu ndani ya utaratibu wa kujitolea wa kitaifa ulioanzishwa Julai 2011, Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima na pamoja nalo ile huduma ya kiraia ya waliokataa kubeba silaha, iliyokuwa ikijaza hospitali na nyumba za wazee kwa vijana. Maana yake kuna kazi ya kweli inayokungoja, na kuna mkataba. Nauli, bima, malazi na posho ya mfukoni vilikuwa juu ya mpango. Sikulipa hata senti ya "kuthibitisha nafasi."

Kwenye usaili nikaulizwa karibu swali lilelile la dirishani. Utafanya nini huko? Safari hii nilizungumza nusu saa nzima, na walionisaili wakaweka kalamu chini wakawa wananisikiliza. Sijisifu bure. Nilikuwa na la kusema kwa sababu mikono yangu ilishaifanya kazi hiyo.

Semina ya kabla ya safari ndiyo iliyonibadilisha kabisa. Mwezeshaji alitusimulia habari za Pierre Cérésole, Mswisi ambaye mwaka 1920 alikusanya kikundi kidogo wakaenda Esnes, kijiji cha Ufaransa karibu na Verdun kilichosambaratishwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kujenga vibanda na kufukia mashimo ya mizinga. Wajerumani walikuwamo kwenye kikundi hicho, wakiwajengea Wafaransa miaka miwili tu baada ya kupigana nao. Kambi za kazi za kimataifa, ambako watu wa nchi mbalimbali hujitolea pamoja kwa muda mfupi, zinafanyika hadi leo na zinatoka kwenye mzizi huo. Nikaikumbuka fomu yangu yenye alama, na kwa mara ya kwanza nikakubali kwamba yule ofisa alinisoma sawasawa. Sikuwa na nia ya kurudi. Sikuwa na nia ya kufanya kazi pia.

Nilipangiwa nyumba ya wazee katika mji mdogo. Kulikuwa na mzee aliyewahi kuwa dereva wa treni, kumbukumbu zimemtoka. Kila asubuhi aliuliza kama treni iko kwa wakati. Ukimjibu ndiyo, anasukuma meza atake kusimama aondoke, na miguu haimbebi. Wiki tatu za kwanza nilidhani ananigombeza, kwa sababu Kijerumani cha darasani si kile cha mzee wa kijijini asiye na meno. Siku moja muuguzi wa zamu akaninong'oneza: mwambie imechelewa dakika tano. Nikamwambia. Akatulia, akashika kijiko, akala. Mwaka mzima treni ile ilichelewa dakika tano kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiichelewesha.

Desemba giza lilitanda kabla ya saa kumi na moja jioni. Upweke wa miezi ile sikumwambia mtu nyumbani, kwa sababu kila nilipopiga simu waliniambia nina bahati. Nawe utaambiwa hivyo. Tafuta mtu mmoja unayeweza kumwambia ukweli kabla hujapanda ndege, awe rafiki, awe dada yako.

Wiki chache kabla ya mkataba kuisha ndipo simu zilipoanza. Usirudi. Zima laini. Mtu gani anatolewa shimoni halafu anarudi mwenyewe? Baba mdogo wangu, ambaye nampenda, alisema, "Mwanangu, mlango ulifunguliwa na wewe unataka kuufunga kwa mkono wako." Nilirudi tarehe ileile iliyoandikwa kwenye mkataba. Uwanja wa ndege alinipokea mama peke yake. Wengine waliona nimeshindwa, na mpaka leo kwenye shughuli za ukoo kuna wanaoniita "yule aliyerudi." Linaniuma, sitaficha. Lakini mwaka uliofuata shirika lililonituma lilipeleka vijana wengine, na mmoja wao alinipigia akiwa na viza mkononi. Simwambii mtu kwamba aliipata kwa sababu yangu. Ninachojua ni kwamba kila anayepotea hukohuko anawaachia wanaomfuata ile shaka yenye alama kwenye fomu. Ukitaka kubaki, baki kwa njia iliyo wazi: wenzangu wawili waliomba mafunzo ya uuguzi wakabadilishiwa vibali kihalali, na nilikuwa wa kwanza kuwapongeza.

Vijana, jamani, mnasikiliza? Ulizeni kazi kwanza. Uliza utafanya nini Jumatatu asubuhi, nani atakusimamia, nani analipa bima, utalala wapi, mkataba unaisha lini. Usome mkataba wote, si ukurasa wenye jina lako tu. Nasema tena, soma mkataba. Wakala asiyeweza kukuambia utafanya nini Jumatatu asubuhi hana nafasi ya kukupa.

Na majina makubwa yasikutishe. Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, wenye makao makuu Bonn, Ujerumani, wana nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26 zenye posho ya kujikimu, na kuomba hakulipiwi, wala usaili. Wana pia kazi za kujitolea kwa intaneti unazozifanya ukiwa kwenu, na hizo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu asiye na cha kuandika kwenye wasifu wake. Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu kujitolea nchi za nje ulioanzishwa 1961, inachukua raia wa Marekani tu. Kwa hiyo aliyekupa "nafasi ya Peace Corps" kwa malipo ni mwongo, hakuna haja ya kumchunguza zaidi. Kambi za kazi za wiki mbili au tatu zipo, na huko kweli utajilipia nauli na ada ndogo ya kujiandikisha. Ada hiyo mwandaaji anaitangaza wazi kwa kila mtu, na hakuna anayekuhimiza uwahi Ijumaa.

Leo ni Alhamisi. Nitumie ile barua ya mwaliko waliyokupa, kurasa zote. Niko macho mpaka saa sita usiku, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Na kama hela ni ya mama, usimwambie bado kwamba umeshapata.