Mto Ruvuma umenilia shamba, kwa nini kwangu tu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nalima mpunga pembeni ya Ruvuma huku Kitaya, masika hii ukingo umemeguka hatua kama kumi, halafu ng'ambo umeota mchanga mweupe ambao haukuwepo. Mbona unakula kwetu tu? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa shamba. Bila shaka uko upande wa nje wa kona. Mto ukijaa, maji yakifika kwenye kona yanasukumwa upande wa nje na huko ndo yanakimbia kasi yanachimba ukingo kwa chini, upande wa ndani yanapoa, yakipoa yanatua mchanga, ndo huo unaouona, yaani mto wenyewe unahamia kwako kidogo kidogo na Ruvuma ni mchanga mtupu kwa hiyo hauchelewi.

Ila sikiliza hili, mara nyingi ukingo unadondoka maji yakishaanza kupungua. Udongo umelowa, mzito, na yale maji yaliyokuwa yanauegemeza yameondoka, unasikia tu puu! usiku. Ukiona nyufa zinafuata mto, hama hapo, na watoto wasichote maji chini yake jamani.

Matete usifyeke wala usichome, mizizi ndo inashika udongo. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 toka ukingoni zisiguswe, najua kwa mwenye heka moja inauma, basi anza hata na mistari michache ya matete leo kabla ya mvua za Desemba.