Maswali yenu kuhusu utalii wa Wasan: mwenye lango ni nani?

Tangu nilipogusia utalii unaoendeshwa na Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika waliojulikana kwa kuwinda na kukusanya chakula, maswali yamefika kwa wingi, mengine ya watu waliokwisha kukata tiketi na mengine ya watu wenye shauku tu. Nimechagua machache ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Walioandika kuuliza bei za ndege watanisamehe, kwa kuwa hiyo si kazi ya safu hii.

Shikamoo mwalimu. Naenda Cape Town kikazi na nitabakiwa na siku moja. Nimesikia kuna kituo cha Wasan karibu na hapo. Kinaitwaje, na kuna nini? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Kinaitwa !Khwa ttu, na kipo kando ya barabara ya R27 karibu na mji mdogo wa Yzerfontein, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Cape Town. Eneo lake la hekta 850 hivi lilikuwa shamba. Mwaka 1999 mashirika ya Wasan wenyewe yalishirikiana na taasisi ya hisani ya Uswisi kuanzisha mradi huo, kituo kikafunguliwa kwa wageni mwaka 2006, na jumba lake la urithi likafuata mwaka 2018. Utakuta matembezi yanayoongozwa na Wasan, maonyesho juu ya historia yao, mgahawa na mahali pa kulala.

Hata hivyo, ukiishia kutazama maonyesho na kula chakula cha mchana utakuwa umelikosa jambo kubwa zaidi la mahali pale, nalo ni mafunzo. Vijana wa Kisan kutoka Afrika Kusini, Namibia na Botswana hupelekwa hapo, huishi pamoja, na hufundishwa uongozaji wa watalii, huduma ya mgahawa na malazi, na namna ya kuueleza urithi wao kwa mgeni asiyejua lolote. Mwenzao mwenye kuzungumza Kikhwe hukutana na mwenzake mwenye kuzungumza Kinaro, lugha mbili za Wasan, watu ambao mipaka ya wakoloni na umaskini wa nauli vingewazuia wasionane maisha yao yote. Kwa hiyo lipia matembezi, muulize mwongozaji alikotoka na alivyojifunza kazi yake, kisha umsikilize. Siku moja inatosha, ila piga simu kabla ya kwenda, na usiibane kati ya Mlima wa Meza na mashamba ya mizabibu.

Je, nitawakuta wamevaa ngozi na kubeba pinde? (Wasomaji wanne, kwa maneno yanayokaribiana)

Nimelijibu swali hili zaidi ya mara moja na naomba liishie hapa. Wasan wa leo huvaa suruali, sketi na kofia, hutumia simu, hupeleka watoto shule na hutafuta ajira kama wewe unavyotafuta. Ziko sehemu ambako mavazi ya kale huvaliwa mbele ya wageni, na hilo halina ubaya linapokuwa uamuzi wa wenyewe. Huko Grashoek, kaskazini-mashariki mwa Namibia, Ju/'hoansi, mojawapo ya jamii za Wasan, wanaendesha makumbusho hai tangu mwaka 2004: wanavaa ngozi, wanaonyesha jinsi ya kuwasha moto kwa vijiti, kutega ndege na kutoboa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, kisha kazi ikiisha wanabadili nguo na kurudi nyumbani. Mwalimu anayevaa joho siku ya mahafali hatumwambii kwamba anaishi ndani ya joho. Kinachonisikitisha ni mgeni anayenung'unika kwamba amedanganywa kwa sababu amemwona mwongozaji wake amevaa fulana jioni. Mtu huyo alikwenda kutafuta picha aliyokwisha kuichora kichwani, na mwenyeji akawa kikwazo tu mbele ya picha hiyo.

Kuna anayesema "Bushmen", kuna anayesema "Basarwa", wewe unasema "Wasan". Jina sahihi ni lipi?

Jina "San" lenyewe walipewa na majirani zao wafugaji wa Kikhoekhoe, nalo halikuwa la sifa, kwa kuwa liliwataja kama watu wanaookota chakula porini na wasio na ng'ombe. Mashirika yao yalilikubali baadaye kwa sababu yalihitaji jina moja la kusimamia mbele ya serikali. "Basarwa" ni la Botswana. "Bushmen" wapo wanaolikataa kama tusi na wapo wachache wanaojiita hivyo kwa fahari, lakini ruhusa ya mtu kujiita haikupi wewe mgeni ruhusa ya kumwita. Njia salama ni kutumia jina la watu wenyewe: Ju/'hoansi, !Xun, Khwe, Naro, ǂKhomani, Hai||om. Usipolijua, uliza.

Naweza kuingia kijijini peke yangu na kupiga picha kama sitamsumbua mtu?

Hapana.

Mimi ni mwalimu wilayani Chemba. Wanafunzi wangu huuliza kama Wasandawe na Wahadzabe ni ndugu wa Wasan. Na je, mambo unayoyasifu huko kusini yanawezekana kwetu?

Nashukuru kwa swali lako, mwalimu, hasa kwa kuwa limetoka Usandaweni kwenyewe. Sauti za kidoko, zile zinazotolewa kwa kualisha ulimi, ndizo zilizowafanya wataalamu wa zamani wazitie lugha hizi zote katika kapu moja. Siku hizi wanaisimu wako makini zaidi: Kihadzabe kinahesabiwa kuwa lugha isiyo na ndugu anayethibitishwa, na Kisandawe ndicho baadhi yao wanachokihusisha na lugha za Kikhoe za kusini. Waambie wanafunzi wako kwamba kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu wa karibu, na kwamba Wasandawe wamekuwa wakulima na wafugaji kwa muda mrefu, kwa hiyo asiwepo wa kuwatungia maisha ya porini kwa sababu ya vidoko.

Ama swali lako la pili, ndilo linaloninyima usingizi. Kando ya Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, wageni hupelekwa alfajiri "kuwinda na Wahadzabe", hupiga picha, hununua bangili, na kabla ya saa nne asubuhi wamekwisha kuondoka. Fedha iliyolipwa Arusha ni kubwa kuliko ile inayofika chini ya mti wa mbuyu, na waliofanya kazi huko kwa miaka mingi wamekwisha kueleza jinsi sehemu ya fedha hiyo inavyogeuka pombe, kwa kuwa hutolewa mkononi, bila mpango, kwa watu ambao hawakushirikishwa kupanga chochote. Msomaji unayefikiria safari hiyo, usipeleke pombe wala sigara kama zawadi, hata dereva akikwambia kwamba ndivyo wanavyopenda. Mwulize wakala wako kabla ya kulipa: kiasi gani kinabaki kwa Wahadzabe, kinapokelewa na nani, na aliyechagua mpokeaji huyo ni nani? Akibabaika, tafuta wakala mwingine.

Njia nyingine ipo, tena hapa hapa nchini. Katika bonde la Yaeda, mwaka 2011 Wahadzabe walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja, na baadaye wakaanza kupata mapato ya kaboni, yaani malipo ya kuutunza msitu wao ili uendelee kuhifadhi hewa ya ukaa. Ardhi ilitangulia na mapato yakafuata. Kusini nako miradi yenye nguvu imepita njia hiyo: Nyae Nyae ya Namibia ilisajiliwa mwaka 1998 ikiwa hifadhi ya kwanza ya jamii nchini humo, na wanachama wake wana sauti juu ya wanyama na mapato, nayo D'Kar ya Botswana, karibu na Ghanzi, ina shamba lake lenye nyumba ya wageni liitwalo Dqãe Qare. Mtu asiye na ardhi hufundishwa utalii ili akaajiriwe langoni kwa mwingine.

Binti yangu amesomea utalii miaka miwili na hana kazi. Hao Wasan wanaofundishwa kituoni, wakimaliza wanakwenda wapi? Isije ikawa ni vyeti vya kupamba ukuta.

Dada yangu, uchungu wako naufahamu, na sitakupa jibu la kukubembeleza. Si kila anayehitimu hupata kazi, na mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO, lodge na vituo vya utamaduni vilinyamaza kwa pamoja. Kwa sababu hiyo siamini mafunzo ya utalii yanayomwandaa kijana kwa mgeni tu. Kijana aliyefundishwa kutunza hesabu, kupika, kuzungumza mbele za watu na kusimamia wenzake anaweza kuibeba elimu hiyo hadi ofisi ya kijiji, redioni au shuleni. Kijana aliyefundishwa kucheza ngoma ya uponyaji saa tisa alasiri mbele ya basi la watalii hajafundishwa kitu, na ngoma ambayo kwa asili huchezwa usiku, moto ukiwaka na mgonjwa akiwapo, imeharibiwa.

Lakini lipo jambo la pili ambalo vyuo vyetu havijalielewa, nalo ni kwamba ujuzi wa wazee ni taaluma inayoweza kupimwa. Kusoma nyayo ni mfano. Kusini mwa Afrika, tangu miaka ya 1990, kuna utaratibu wa kuwapima wasoma nyayo porini na kuwapa madaraja, na asiyejua kusoma kitabu anaweza kupata daraja la juu kwa kujua kusoma mchanga. Mwaka 2013 wasoma nyayo watatu wa Ju/'hoansi kutoka Tsumkwe walialikwa na wanaakiolojia wa Ujerumani kwenda Ufaransa, ndani ya mapango yenye nyayo za watu wa kale. Katika pango la Tuc d'Audoubert kuna alama nyingi za visigino ambazo wataalamu walizifikiria kuwa za ngoma au ibada. Wale watatu walizisoma kama msomaji asomavyo sentensi: mtu mzima na kijana wanakwenda kuchimba udongo wa mfinyanzi, wanarudi wamebeba mzigo. Watu hao walialikwa kama wataalamu na majina yao yakaandikwa katika taarifa ya kisayansi pamoja na ya maprofesa.

Kituo cha mafunzo kinachomwita mzee wa namna hiyo aje kufundisha, kikamlipa ada ya mwalimu, nakiheshimu. Kile kinachomleta ili akae karibu na moto apigwe picha, huku mkufunzi wa kutoka mjini akieleza kwa kipaza sauti, hakina tofauti na wale madereva wa Eyasi. Binti yako naye, nakushauri atafute kitu kimoja anachokijua kwa undani kuliko wenzake, ndege au mimea au historia ya pwani, kwa maana waongoza watalii wanaojua kila kitu juujuu tunao wengi mno.

Nasoma shahada ya famasia. Nataka kwenda kwa Wasan kukusanya dawa zao za mitishamba kwa ajili ya utafiti wangu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ruhusa, mwanangu. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, zenye nguzo tano: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu. Mtafiti hupeleka andiko lake kwa baraza lao kabla ya kuanza, si baada ya kurudi na daftari lililojaa.

Hawakuziandika kwa kiburi. Hoodia ni mmea ambao Wasan wameutafuna tangu zamani ili kuzuia njaa na kiu wawapo mawindoni. Katikati ya miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini iliusajilia hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kama dawa ya kupunguza hamu ya kula, na wenye ujuzi hawakuambiwa. Wasan walidai haki yao, na mwaka 2003 wakafikia makubaliano ya kupata asilimia 6 ya mrabaha na asilimia 8 ya malipo ya hatua za maendeleo ya dawa hiyo. Kampuni kubwa zilijitoa baadaye na fedha zilizotarajiwa hazikuja, lakini somo halikupotea: mwaka 2019 Wakhoi (wale wafugaji wa Kikhoekhoe) na Wasan walikubaliana na wafanyabiashara wa chai ya rooibos kulipwa asilimia 1.5 ya bei ya shambani. Msimamizi wako wa chuo akikwambia barua ya idara inatosha, mwonyeshe kanuni hizo.

Botswana nayo ina Wasan wengi. Nikilala katika kambi ya kitalii ndani ya Kalahari, nitakuwa nawasaidia?

Inategemea kambi ni ya nani na maji ni ya nani. Hifadhi ya Kalahari ya Kati ilianzishwa mwaka 1961, kwa sehemu ili Wasan waishi humo kwa namna yao. Waliondolewa kwa awamu mwaka 1997 na 2002. Tarehe 13 Desemba 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuondolewa kwao kulikuwa kinyume cha sheria, lakini waliorudi walizuiwa kutumia kisima chao, na katika muda huo huo kambi ya kitalii yenye bwawa la kuogelea ikafunguliwa ndani ya hifadhi ile ile. Mahakama ya Rufani iliwapa haki ya maji mwezi Januari 2011. Ukitaka kulala Kalahari kwa moyo mweupe, tafuta nyumba inayomilikiwa na wenyeji, kama Dqãe Qare niliyoitaja, au !Xaus upande wa Afrika Kusini, ambayo ni mali ya ǂKhomani na majirani zao wa Mier na imesimama ndani ya ardhi waliyorudishiwa.

Mnapokea watu wa kujitolea kufundisha Kiingereza huko?

Safu hii haipeleki watu popote. Waandikie vituo vyenyewe, ueleze ujuzi ulio nao, na uwe tayari kuambiwa kwamba hauhitajiki.

Hiyo alama ya mshangao katika !Khwa ttu inatamkwaje?

Weka ncha ya ulimi juu, nyuma kidogo ya ufizi wa meno ya mbele, uibane, kisha uishushe kwa nguvu, utoke mlio kama wa kizibo kinachochomoka chupani. Mstari mmoja, |, ni ile sauti tunayoitoa tukimsikitikia mtu. Mistari miwili, ||, ni ya kumhimiza punda.

Jina hilo ni la Ki|xam, lugha ambayo haina mzungumzaji tena. Tunaijua kwa sababu katika miaka ya 1870 wafungwa wa Ki|xam waliokuwa wameletwa Cape Town waliwasimulia wataalamu wa lugha Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd hadithi zao, nao wakaziandika katika maelfu ya kurasa. Kutoka lugha hiyo Afrika Kusini iliyatoa maneno ya nembo yake ya taifa mwaka 2000. Mwongozaji utakayemkuta pale lango la !Khwa ttu huenda nyumbani kwao wanazungumza Kikhwe au Ki!xun, naye amelazimika kujifunza jina hilo kama utakavyojifunza wewe. Mwombe akusahihishe.