Re: Adapta ya waifai ya USB inakatakata kwenye kompyuta ya mezani

Mkuu, umesema simu inashika waifai vizuri chumba hichohicho, ila kompyuta yenye adapta ya USB (kile kidude cha kuchomeka kinachoipa kompyuta waifai) inasuasua na kukatika. Kabla hujanunua nyingine, angalia umeichomeka wapi.

Kama ni nyuma ya kasha, tena kwenye tundu la USB 3 (mara nyingi ndani ni la buluu), hapo ndipo nilipoteseka wiki nzima. USB 3 na vifaa vyake, hasa hadidiski ya nje, hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye 2.4 GHz, masafa yanayotumiwa sana na waifai. Juu ya hapo, bati la kasha linakinga mawimbi ya ruta. Mimi nilinunua waya wa USB wa kurefusha, mita moja tu, nikaitoa adapta kule nyuma na kuibandika kwa selotepu juu ya skrini. Vijiti vya mawimbi vikapanda kutoka viwili hadi vinne, na sikugusa kitu kingine!

Kama ruta na adapta zote zina 5 GHz, yaani masafa mengine ya waifai, hamia huko, ila ukuta wa tofali humeza mawimbi ya 5 GHz zaidi kuliko ya 2.4. Zile adapta za vidude vidogo kama ukucha, vya bei ya kutupa, vingi ni 2.4 pekee.

Ikiendelea kukatika, ingia Device Manager ya Windows (orodha ya vifaa vya kompyuta), fungua adapta, kisha Power Management, utoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

Lete mrejesho, na utaje modeli yake.