Kirusi "kiliweza kuua"?

Mwalimu mmoja wa baiolojia anauliza kama sentensi hii ya mwanafunzi wake ni sahihi: "Kirusi kilicholala ndani ya bakteria kiliweza kuamka na kuweza kuua bakteria huyo." Kinachomtia shaka ni neno kirusi, kwa kuwa Kirusi ni lugha ya Warusi.

Kirusi hakina kosa. Asili yake ni Kilatini, virus, yaani sumu. Lilipotufikia likawa virusi, tukalisikia kama wingi wa KI-VI, basi umoja ukapatikana. Muktadha unatosha kututenganishia na Warusi.

Kinachoniudhi ni hiyo "kuweza", tena mara mbili! Redioni ndiyo mtindo. "Mshambuliaji aliweza kufunga bao." Si alifunga? "Mgeni rasmi aliweza kuwasili." Aliwasili. Na mbaya kuliko zote: "Watu watatu waliweza kufariki dunia." Mfiwa akisikia hivyo anaambiwa nini? Kwamba ndugu yake alijitahidi kufa hadi akafaulu! Aliyefariki alifariki. Kuweza ni kuwa na uwezo wa jambo, liwe limetendeka au halijatendeka, na anayelichomeka kila penye kitenzi ili sentensi isikike nzito anaharibu habari yenyewe.

Katika sentensi ya mwanafunzi huyu, madhara ni makubwa zaidi. Chukua lambda, kirusi alichokigundua mwanasayansi Esther Lederberg ndani ya bakteria aitwaye Escherichia coli mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kikiwa kimelala, DNA yake imeungana na ya bakteria, na protini iitwayo CI imezizuia jeni za kuua. Wakati huo kinaweza kuua, ila hakiui. Bakteria anagawanyika na kukirithisha kwa vizazi vyake. Mionzi ya urujuanimno ikiharibu DNA ya bakteria, protini ya bakteria mwenyewe, RecA, huifanya CI ijikate. Kizuizi kikishaondoka, virusi vipya huundwa kwa wingi, kisha bakteria hupasuliwa. Hapo si suala la kuweza tena, kinaua. Aliyeandika "kiliweza kuua" ameeleza usingizi akidhani ameeleza mauaji, na mtihani wa baiolojia unauliza tofauti hiyohiyo.

Kuamka nakubali shingo upande, ingawa kuamshwa kunafaa zaidi, maana chanzo ni madhara yaliyompata bakteria. Mwalimu, kata "weza" zote mbili, mwandikie: "Kirusi kilicholala ndani ya bakteria kiliamshwa, kikamuua."