Maswali na majibu: habu ya bei kali kwa baiskeli ya mlimani

Anayesukisha magurudumu kwa vipimo vyake mwenyewe hununua vitu vinne: habu (kitovu cha gurudumu), rimu, spoki na nipeli (njugu ndogo zinazokaza spoki kwenye rimu). Rimu siku moja itapigwa na jiwe ipinde, na spoki zitakatika. Habu nzuri inabaki, inasukwa tena kwenye rimu nyingine mara mbili tatu. Ndiyo maana maswali mengi tuliyoletewa safari hii yanahusu habu peke yake.

Fundi, fremu yangu ni Boost. Nimepata habu ya nyuma ya 142 kwa bei nzuri. Siwezi kuijazia vipande ikatosha?

Inawezekana. Kwa gurudumu jipya hatukushauri.

Boost ni kipimo cha upana wa habu: ya nyuma ni milimita 148 kwa ekseli ya 12. Ukilinganisha na 142, gia na diski ya breki zimesogezwa nje milimita 3 kila upande. Vifaa vya kugeuza vinavyofanya kazi vizuri huweka kipande cha mm 6 upande wa breki tu, kisha diski nayo inawekewa kipande chake cha mm 6 na skrubu ndefu zaidi, halafu rimu inavutwa mm 3 kuelekea upande huo wa breki ili ikae katikati ya fremu. Kama tayari una gurudumu zuri la zamani, kazi hiyo inalipa. Lakini unayeanza upya unapoteza kitu ambacho Boost iliundwa kukupa: pembe mbili za habu zinazoshika spoki zimeachana zaidi, kwa hiyo spoki zimelala zaidi na rimu haiyumbi ovyo kwenye kona. Vipande vya kujazia havitanui pembe hizo.

Kabla ya kulipa, pima mwenyewe nafasi kati ya masikio ya fremu (mahali ekseli inapoingia) kwa ndani. Uma wa mbele wa Boost ni 15 kwa 110, na baadhi ya uma za kuteremkia ni 20 kwa 110. Jihadhari na 157: habu ya kizamani ya kuteremkia na ile ya Superboost zina ekseli sawa kabisa, ila Superboost ina pembe zilizoachana zaidi. Muuzaji akikuambia "ni 157 tu", muulize ni ipi.

Kisha angalia gia zako. Frihabu, yaani ile silinda inayovaa kaseti (rundo la gia za nyuma), ipo ya aina tatu kwa baiskeli hizi. HG ya zamani huanzia meno 11. XD ya SRAM na Micro Spline ya Shimano, iliyotoka 2018, hukubali gia ndogo ya meno 10. Hazibadilishani. Kampuni karibu zote za bei ya juu huuza frihabu peke yake, kwa hiyo ukibadili gia hutupi habu. Ukiona imeandikwa XDR, hiyo ni ya barabarani, ndefu kwa mm 1.85. Kaseti ya XD huikaa vizuri ukiitanguliza na kipande cha unene huohuo.

Kuna habu ya pointi 690 na nyingine ya 36. Tofauti hiyo mguu unaisikia kweli, au ni namba za kuuzia?

Mguu unaisikia, lakini kwenye gia fulani tu. Tupige hesabu pamoja, kwa sababu hapa ndipo watu humwaga fedha nyingi bila kujua wamenunua nini.

Pointi ni idadi ya mahali friwili inapoweza kushika katika mzunguko mmoja. Gawanya 360 kwa idadi hiyo. Pointi 36 ni digrii 10, 54 ni digrii 6.7, na 108, kama Hope Pro 5, ni digrii 3.3. Hydra ya Industry Nine ina meno 115 na ndimi 6 (vipande vidogo vya chuma vinavyonasa meno) zinazoshika kwa kupokezana, ndiyo inafika 690, digrii 0.52.

Sasa, hizo ni digrii za habu, si za mguu. Ili kupata za mguu, zidisha kwa meno ya gia ya nyuma, kisha gawanya kwa meno ya gia ya mbele. Ukipanda mlima na 32 mbele, 52 nyuma, kila digrii ya habu inakuwa 1.625 kwenye mkono wa pedali. Kwa mkono wa mm 170, habu ya pointi 36 inaweza kukuachia mm 48 za pedali inayokwenda bure kabla cheni haijakaza. Weka vidole vitatu pamoja mezani. Karibu upana huo. Ya 54 ni mm 32, ya 108 ni mm 16, Hydra ni mm 2.5. Hiyo ni hali mbaya kabisa kwa kila moja. Kwa wastani chukua nusu yake.

Hamia gia ya kasi, 32 kwa 12. Ile habu ya 36 sasa inapoteza mm 11 tu. Kwenye mteremko wa wazi hakuna mguu utakaolalamika.

Faida basi iko kwenye mawe na mizizi, ukipanda polepole, pale unaporudisha pedali nusu mzunguko ili isigonge jiwe kisha unaikanyaga tena mara moja. Mm 48 za hewa hapo zinakuangusha.

Kuna upande wa pili ambao wauzaji hawausemi sana. Fremu yenye shoki nyuma ikibonyea, cheni huvutwa na kurudisha pedali nyuma. Gurudumu la nyuma likiwa limefungwa breki, teke hilo linafika nyayoni. Habu ya pointi chache ina ulegevu unaomeza sehemu ya teke. Ya pointi 690 haimezi chochote. Kwa fremu isiyo na shoki nyuma hilo halikuhusu, chukua nyingi uwezavyo. Kwa yenye shoki ndefu na ya kuteremka zaidi kuliko kupanda, sisi tunakaa kati ya 54 na 108 bila kujuta.

Nilifungua frihabu nikasafisha, nikapaka grisi ya beringi ya kutosha. Sasa nikikanyaga, pedali inateleza halafu inashika kwa kishindo. Nimeiua?

Pengine bado, ila usiipande tena mpaka uifungue.

Ulimi wa friwili ni kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na springi inayousukuma ni nyembamba. Grisi nzito ya beringi inaugandisha umelala. Katika ndimi sita huenda mbili tu zimesimama, tena zimeshika ncha ya jino badala ya shina lake. Uzito wako wote unakaa kwenye ncha hiyo, inachubuka, inaruka jino, na kile kishindo ndicho ulichosikia. Asubuhi ya baridi huwa mbaya zaidi kwa sababu grisi imekaza.

Tandaza kitambaa cheupe kwanza, maana springi hizi zikiruka sakafuni hazionekani. Habu nyingi za daraja hili hazihitaji kifaa: vuta kofia ya upande wa gia, kisha vuta frihabu taratibu huku ukiizungusha kinyume. Piga picha kabla ya kutoa chochote. Osha ndimi, springi na pete ya meno kwa mafuta ya taa na brashi laini, kisha futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Usimwagie mafuta ya taa kwenye beringi. Sasa shika ulimi mmoja mmoja kwenye mwanga: kona yake ya kushika inatakiwa iwe kali na iliyonyooka. Ukiona mstari mweupe unaong'aa uliopinda kwenye kona, umeliwa, badilisha seti nzima pamoja na springi. Pete ya meno ikaguliwe vivyo hivyo.

Ukirudisha, tumia mafuta mepesi ya friwili, tone moja kwa kila ulimi na utando mwembamba kwenye meno. Bonyeza kila ulimi kwa kidole. Urudi wenyewe papo hapo kwa mlio mkavu.

Habu za DT Swiss za daraja hili hazina ndimi. Zina sahani mbili za meno zinazobanwa na springi, na zina grisi yake maalumu. Nayo hupakwa kidogo tu. Kujaza kunazizuia sahani kukutana, na matokeo ni hayohayo.

Kama bajeti inaruhusu yoyote, mngechukua ipi?

Kwa anayeishi mbali na duka la vipuri, DT Swiss 240 au ndugu yake mzito na nafuu, 350. Inafunguka kwa mikono, sehemu ni chache, na meno yakilika unabadilisha sahani mbili tu. Toleo jipya la DEG lina meno 90, kwa hiyo lile lalamiko la zamani la pointi chache limepungua.

Kampuni ya Chris King ya Portland, Oregon, Marekani, wanatengeneza hata beringi zao wenyewe, na kizibo chake kinatoka ili uoshe na kupaka grisi upya badala ya kutupa. Itadumu miaka mingi mno kwa mtu mwenye nidhamu. Ila beringi zake hurekebishwa kwa mkono, na zikiwa mpya hukaa na kulegea kidogo baada ya safari za mwanzo. Shika rimu juu, itikise kushoto na kulia. Ikigonga, kaza kidogo mpaka mchezo uishe, usipitilize. Wengi huacha hatua hii kisha wanalaumu habu.

Hope, inayotengenezwa Barnoldswick, Uingereza, ndiyo tunayoiona na thamani kubwa kwa kila shilingi. Onyx ya Minnesota inashika papo hapo bila mlio wowote, lakini ni nzito, na ukikanyaga kwa nguvu unahisi ulaini kidogo.

Mashimo 28 au 32? Na spoki zenye shingo au zilizonyooka?

32, zenye shingo (zilizopinda upande wa habu), misalaba mitatu, yaani kila spoki ikatize nyingine tatu. Spoki yenye shingo ya 2.0/1.8/2.0 (unene wa mm 2.0 kwenye ncha, 1.8 katikati) unaweza kuipata au kuikata kwa kipimo. Iliyonyooka mara nyingi utaagiza na kusubiri. Mpandaji mwepesi asiyerukaruka anaweza kwenda na 28.

Urefu usikisie. Mfano: rimu ya inchi 29 yenye kipenyo cha kukalia nipeli mm 602, duara la mashimo ya habu mm 58, pembe ya kushoto iko mm 35 kutoka katikati na ya kulia mm 22. Kwa mashimo 32 na misalaba mitatu, kushoto utapata mm 291.9, kulia mm 290.7. Nunua 292 na 290 au 291. Mkazo wa upande wa gia uwe kati ya kilo 100 na 120 kwa spoki, lakini namba ya mtengenezaji wa rimu ndiyo inayotawala.

Beringi za seramiki zinafaa?

Kwa tope na vumbi jekundu, hapana. Kinachoua beringi ni maji yanayopita kizibo, na gololi ya seramiki haizuii maji. Chukua chuma chenye vizibo viwili vya mpira. Habu nyingi hutumia namba za kawaida za viwandani kama 6902 au 6802, ambazo duka la beringi mjini huwa nazo; chagua zinazoishia na 2RS, yaani zenye vizibo viwili vya mpira. Na usielekeze maji ya presha kwenye habu.

Rimu imepinda, habu ni nzima. Nikisuka upya kuna la kuangalia?

Angalia alama ambazo spoki za zamani zimechimba kwenye mashimo ya habu. Spoki mpya zilale kwenye alama hizohizo, zikielekea kulekule. Ukigeuza, kila shimo linapata kidonda cha pili karibu na cha kwanza, na ufa wa pembe huanzia hapo. Futa grisi yote, pitisha ukucha kuzunguka kila shimo kabla ya kuanza; ukucha ukinasa kwenye mstari unaotoka nje kuelekea ukingo, habu hiyo isisukwe tena.