Wahitimu wanaongezeka, tija haiongezeki: jibu kutoka karakana

Mwanzisha uzi ameuliza inakuwaje nchi inayoendelea iongeze wahitimu mwaka hadi mwaka huku uchumi wake ukijikongoja, kisha akapendekeza vijengwe vyuo vikuu zaidi. Najibu kama mtu aliyesimamia mafundi wa pampu na mota kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu swali lenyewe limehesabu vyeti pale palipostahili kuhesabiwa uwezo.

Dhana ya mtaji wa watu, yaani kuuhesabu ujuzi, elimu na afya ya watu kama mtaji wa uzalishaji, si ngeni. Mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith aliuweka ujuzi wa wananchi katika mtaji wa kudumu wa nchi, pamoja na mashine na majengo. Baadaye mwanauchumi Theodore Schultz, katika hotuba ya mwaka 1960, alitetea hoja kwamba matumizi ya elimu, afya na mafunzo kazini ni uwekezaji, na mwanauchumi mwenzake Gary Becker akaijengea nadharia pana katika kitabu chake cha mwaka 1964. Hakuna kati yao aliyesema kwamba kukaa darasani peke yake kunatosha.

Kijana mmoja mwenye stashahada ya ufundi mitambo alikuwa akiingiza beringi (pete ya chuma inayorahisisha mzunguko) kwenye shafti (mhimili unaozunguka) kwa kuigonga nyundo. Fundi mkuu, ambaye hakuvuka shule ya msingi, alimzuia, akaitumbukiza beringi kwenye mafuta ya moto, na ilipotanuka ikateleza hadi mahali pake bila kugongwa hata mara moja. Kanuni ya kutanuka kwa chuma kijana aliijua, tena angeweza kuikokotoa ubaoni, lakini katika masomo yake yote hakuwahi kukabidhiwa beringi na shafti azifunge mwenyewe.

Wanaodharau shule wasishangilie mapema. Karakana ilipoletewa kifaa cha kupima mtetemo wa mota, fundi mkuu alikiacha kwenye boksi lake; ni yule kijana aliyesoma kitabu cha maelekezo, akaelewa grafu zake, na muda si mrefu akawa ndiye anayemwonyesha mkubwa wake ni mota ipi beringi zake zinakaribia kufa. Schultz naye aliwahi kueleza kwamba thamani ya elimu huonekana zaidi pale mambo yanapobadilika, na nchi inayopokea teknolojia mpya kila kukicha ina mabadiliko tele.

Suala gumu zaidi, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni nani alipie mafunzo. Becker alionyesha kwamba ujuzi unaotumika popote humfaidi mfanyakazi mwenyewe, kwa hiyo mwajiri husita kuugharimia, na hofu hiyo nimeisikia kwa masikio yangu kutoka kwa wakubwa walioniambia waziwazi kwamba tukiwafundisha mafundi wetu tutakuwa tumewafundishia jirani. Ujerumani imelipunguza tatizo hili kwa uanagenzi, yaani kujifunza ufundi ukiwa kazini, uliowekewa sheria tangu mwaka 1969, ambapo mwanagenzi hugawa muda wake kati ya kiwanda na chuo, hulipwa kidogo kuliko fundi kamili, na mwisho hupata cheti kinachotambulika nchi nzima. Kuuiga mfumo huo si rahisi pale ambapo viwanda ni vichache, maana mwanagenzi anahitaji mashine na anahitaji fundi wa kumwangalia.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi: mtoto aliyedumaa kwa lishe duni katika miaka miwili ya mwanzo huingia shuleni akiwa tayari nyuma, na ndiyo maana kipimo cha mtaji wa watu kilichozinduliwa na Benki ya Dunia mwaka 2018 hujumuisha udumavu, na miaka ya shule hupunguzwa kulingana na kile wanafunzi wanachojifunza kweli.

Kwa hiyo pendekezo la vyuo vikuu vipya siliungi mkono kwa sasa. Fedha hizo ningezipeleka kwanza kwenye lishe ya watoto wadogo na kusoma kwa ufasaha katika madarasa ya mwanzo, kisha kwenye karakana za vyuo vya ufundi vilivyopo, ambako mara nyingi mashine moja ya kukereza chuma huzungukwa na darasa zima na mwanafunzi mmoja tu ndiye anayeishika.